Mume wangu aliumia kazini, sasa wanataka asaini kwamba ni mgonjwa

Yaya,

Nakusalimia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nisamehe nikiandika kirefu, mambo haya yamenishinda na hapa nyumbani kila mtu ana shauri lake.

Mume wangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Ana mkataba na kampuni moja ndogo ya sutretansi kwenye barabara ya Likasi. Wao wanapewa kazi na kampuni kubwa ya madini. Mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati wanashusha bamba la chuma kwa palani, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mnyororo uliteleza na bamba likamponda mkono wa kuume. Vidole viwili vilivunjika, cha tatu kikakatwa kwenye kiungo cha juu. Wenzake walimpakia kwenye pikapu ya kampuni mpaka hospitali. Siku zile za kwanza kampuni ililipa yote, hata upasuaji. Sitaki kusema uongo juu ya hilo.

Daktari alimpa sertifika, karatasi ya kupumzika kazi, ya siku 30. Ilipokwisha tulirudi ili aongezewe, tukakuta madaktari wako kwenye mgomo. Tukarudi nyumbani. Mgomo ulipokwisha, katikati ya mwezi wa tatu, daktari alimpima, akaona mkono bado kabisa, akampa sertifika nyingine ya mwezi mmoja. Lakini aliandika kwamba inaanza siku ile ile.

Mwezi wa pili kampuni ilitoa theluthi mbili ya mshahara. Mwezi wa tatu hakuna kitu. Tulipouliza, RH, yule mkuu wa wafanyakazi, akasema, "Sisi tumemaliza, sasa ni CNSS." Tukaenda huko CNSS, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mama wa mapokezi alitafuta, akasema hakuna dosye, yaani faili, ya ajali kwa jina la mume wangu, tena sertifika zetu zina pengo katikati. Tukarudi kwa RH. Safari hii akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa mashine: mume wangu yuko kwenye "arrêt maladie", yaani mapumziko ya ugonjwa, amepokea dola 300, na hatadai tena chochote. Akasema tusipochukua, mwezi wa saba itakuwa imefika miezi sita na sheria inamruhusu kumfukuza bure. Kwa kuwa mume wangu hawezi kushika kalamu, eti mdogo wake anaweza kusaini kwa ajili yake.

Kuna na bwana mmoja anayesimama nje ya ofisi. Anasema ana watu ndani, atasukuma dosye, tumpe sehemu ya pesa itakapotoka, na karatasi zote za asili abaki nazo yeye. Mama mkwe naye anasema tuchukue zile 300, tulipe nyumba, mengine tumwachie Mungu. Wiki iliyopita mtoto wa tatu alishikwa na malaria, nikanunua dawa kwa mtaji wangu wa samaki wa tomsoni. Sasa hata sokoni naenda na beseni nusu.

Mume wangu hataki tena kutoka nyumbani. Anasema kupanga mstari na mkono uliofungwa ni kama kuomba. Nani anatakiwa kutulipa? Tusaini? Na mimi mke wake, naweza kwenda kwa niaba yake?

Mama wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Karatasi hiyo isisainiwe. Si na mume wako, si na mdogo wake, wala kwa kidole gumba. Ukiweza kupata nakala yake au kuipiga picha kwa simu, fanya hivyo, maana itakufaa mbele. Mama mkwe umjibu kwa heshima, dola 300 mwezi huu kweli si kidogo. Ila kinachouzwa kwa bei hiyo ni kikubwa kuliko anavyodhani.

RH anawachanganya kwa vitu viwili ambavyo ukivitazama juu juu vinafanana. Kwa Code du travail, ile sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa 2016, mfanyakazi anayeugua analipwa na mwajiri wake theluthi mbili ya mshahara wakati mkataba umesimamishwa. Kwa sheria ya hifadhi ya jamii ya tarehe 15 Julai 2016, mfanyakazi aliyeumia kazini analipwa na CNSS posho ya kila siku, nayo pia ni theluthi mbili ya mshahara wake wa wastani. Theluthi mbili hapa, theluthi mbili pale. Ndiyo maana watu wengi wanasaini "maladie" bila kuuliza: pesa si ileile?

Kwa mwezi wa kwanza na wa pili, ndiyo, ni ileile. Tofauti inakuja baadaye, na inakuja kwa nguvu.

Ile miezi sita aliyowatishia ipo kweli katika Code. Mfanyakazi akiugua miezi sita mfululizo, mwajiri anaweza kumpa barua ya kuvunja mkataba. Lakini kanuni hiyohiyo inawatoa nje watu wa namna mbili: aliyepata ajali ya kazi na mwenye ugonjwa uliotokana na kazi. RH amewasomea nusu ya kwanza, akafunga kitabu. Ili nusu hiyo imfikie mume wako, ni lazima kwanza akubali kwa maandishi kwamba ni mgonjwa wa kawaida. Hiyo ndiyo kazi ya karatasi aliyowatolea.

Pili, mume wako amepoteza sehemu ya kidole, na hakuna anayejua hivyo vingine vitakunjika kiasi gani. Ajali ya kazi ikiacha kilema, CNSS inapima kilema kile kwa asilimia. Kikifika 15% au zaidi, mtu anapata rente, yaani malipo yanayoendelea. Kikiwa chini ya hapo, anapewa kitu cha mara moja. Mgonjwa wa kawaida hana mlango huo. Wa kwake ni pensheni ya ulemavu, yenye masharti ya miaka ya kuchanga. Kwa ajali ya kazi hakuna kuhesabiwa miaka. Hata aliyeanza kazi juzi amefunikwa, hata aliyegongwa njiani akielekea kazini.

Utajiuliza kampuni inapata nini, ikiwa kwa ajali anayelipa ni CNSS na kwa ugonjwa ni yenyewe. Swali zuri. Kwanza, angalia vizuri: hawajawaahidi theluthi mbili ya kila mwezi, wamewapa 300 na mlango. Pili, ajali ikitangazwa, Inspection du travail, wakaguzi wa kazi wa serikali, inaweza kuja kuuliza palani ilipimwa lini na glavu ziko wapi. Tatu, kwa hawa wa sutretansi, kuna kampuni kubwa juu yao inayohesabu ajali zao kabla ya kuwapa kazi nyingine. Sisemi kampuni ya mume wako imefikiri hivyo. Nasema tu kwamba usishangae.

Sasa turudi kwenye ofisi, pale ulipoambiwa hakuna dosye. Kutangaza ajali kwa CNSS ni wajibu wa mwajiri, na sheria imempa siku chache tu. Mwombe RH kwa barua, fupi, mistari mitano: mume wangu fulani, aliyeumia tarehe fulani, mahali fulani, naomba nakala ya tangazo la ajali lililopelekwa CNSS. Peleka barua mbili zilizo sawa. Moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokea, na tarehe. Wakikataa kupiga muhuri, usigombane mlangoni. Rudi na delege wa wafanyakazi au mtu wa sendika, au uipeleke kupitia Inspection. Lile pigo la muhuri ndilo unalolihitaji kuliko jibu lenyewe, kwa sababu wasipojibu, kunyamaza kwao kutakuwa na tarehe.

Wasipotangaza, mume wako mwenyewe anaruhusiwa kutangaza, au mtu wake. Wengi hawalijui hili, wanakaa miezi wakimngoja bosi. Msingoje. Nendeni na sertifika ya kwanza kabisa, ile ya siku ya ajali, inayoeleza mkono ulivyokuwa: hiyo ndiyo mama wa karatasi zote. Kama inasema tu "fracture" bila kusema ilitokeaje, mwombe daktari ripoti inayotaja kwamba mgonjwa aliletwa na wafanyakazi wenzake akitoka kazini. Rejista ya hospitali ya siku ile ina saa ya kuingia. Dereva wa pikapu anajua. Waliokuwa wameshika mnyororo wanajua. Waombe waandike sasa, kila mmoja karatasi yake kwa mkono wake, jina, namba ya kadi ya mpigakura, alichoona. Nasema sasa, kwa sababu mikataba ya hawa vijana wa sutretansi ni mifupi, na kesho mmoja yuko Kolwezi, mwingine yuko Fungurume, namba za simu zimebadilika. Kama kuna picha au ujumbe wa sauti wa siku ile kwenye WhatsApp, usifute hata kama simu imejaa. Na lile kwamba kampuni ililipa upasuaji, ambalo ulinitajia kwa uaminifu, ni ushahidi mzuri kuliko unavyofikiri. Tafuta bili ile.

Kisha lile pengo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea, hata wale ambao mwajiri wao alifanya kila kitu sawasawa. Posho ya kila siku hailipwi kwa kuwa mkono unauma. Inalipwa kwa siku zilizoandikwa na daktari. Sertifika ya kwanza inamfunika mume wako mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Ya pili inamfunika kuanzia katikati ya mwezi wa tatu. Katikati pale kuna wiki mbili ambazo kwa macho ya anayehesabu, mume wako alikuwa amepona, akaacha kwenda kazini, halafu akaumwa tena. Wewe unajua hakupona. Mimi najua. Karatasi haijui. Tena mwajiri mwenye nia mbaya anaweza kuzisoma wiki hizo kama utoro.

Usiende kwa daktari ukamwambia abadilishe tarehe. Akikubali, mmetengeneza karatasi ya uongo, na siku daktari mshauri wa CNSS atakapolinganisha na rejista ya hospitali, dosye nzima itanuka. Mwombe kitu halali ambacho daktari yeyote anayemfahamu mgonjwa wake anaweza kukiandika: ripoti kwamba alipompima katikati ya mwezi wa tatu, aliona kwa hali ya jeraha kwamba hakuweza kufanya kazi mfululizo tangu siku ya ajali, na kwamba hakuonekana mwishoni mwa mwezi wa pili kwa sababu huduma zilikuwa zimesimama. Kama kuna kadi ya miadi yenye tarehe mliyofika mkarudishwa, ibandikwe hapo. Kama alikuwa akienda kusafishwa kidonda kwa muuguzi wa kituo cha jirani siku zile za mgomo, daftari la muuguzi yule ni dhahabu. Mgomo si kosa la mgonjwa, lakini lazima kuwe na mtu mwenye muhuri wa kulisema.

Na kuanzia leo, sertifika isifike mwisho wake mkiwa bado nyumbani. Iliyopo ikibaki na wiki moja, mwende. Mwambieni daktari wazi: "Hii inakwisha tarehe fulani, nyingine ianze kesho yake." Madaktari wetu wana wagonjwa wengi, wanaandika tarehe ya siku wanayokuona kwa mazoea tu. Soma karatasi kabla hujatoka mlangoni, siyo kwenye taksibisi. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, neno "prolongation" (kuongezewa), neno "accident de travail" (ajali ya kazi), sahihi, muhuri. Halafu nakala tatu: ya CNSS, ya mwajiri, ya kwenu. Ya mwajiri nayo ipigiwe muhuri, hata kama amesema amemaliza. Mkataba bado uko hai, kwa hiyo lazima ajue kila siku kwa nini mtu wake hayupo.

Nani basi anadaiwa? Siku yenyewe ya ajali ni ya mwajiri, mshahara mzima. Kuanzia kesho yake, ajali ikishatambuliwa, ni posho ya CNSS mpaka apone au mpaka daktari aseme hali imetulia. Ile theluthi mbili ya mwezi wa pili kampuni ilikwisha kuwapa. Isemeni waziwazi kwenye dosye, msije kuonekana mnalipwa mara mbili. Na kama kampuni inashikilia kwamba hakuna ajali, kwamba ni ugonjwa, basi kwa maneno yake yenyewe inadaiwa theluthi mbili ya mwezi wa tatu na kila mwezi unaofuata. Haiwezi kusema ni mgonjwa ili isitangaze ajali, halafu iseme ni CNSS ili isilipe. Sentensi hii mseme mbele ya inspekta, polepole, mwache RH achague.

Inspection du travail ndiyo pa kwenda kabla ya mahakama. Sheria inataka mgogoro wa mfanyakazi mmoja na mwajiri upite kwanza kwenye upatanisho kwa inspekta. Hailipiwi. Inspekta anawaita pande zote mbili, na msiposikilizana anaandika hati ya kutopatana, ambayo ndiyo tiketi ya kuingia mahakama ya kazi. Mara nyingi haifiki huko. Barua ya kuitwa na inspekta peke yake huwakumbusha watu mengi. Msikawie tu, kwa sababu madai ya mshahara yana muda wake kisheria, na muda huo ni mfupi.

Siku ya kwenda CNSS, mchukue na buletini za mshahara za miezi mitatu kabla ya ajali. Wastani wa posho unatoka hapo. Angalia mstari wa makato, utaona 5% ya CNSS, wengine bado wameandika INSS, jina la zamani lililobadilika 2018. Hiyo 5% ni ya pensheni. Ya ajali ni nyingine, 1,5%, anayoilipa mwajiri peke yake juu ya mshahara. Mfanyakazi hakatwi hata franka. Kwa hiyo mtu akikuambia mume wako "hakuchanga vya kutosha" kwa ajili ya ajali, mwombe akuandikie maneno hayo na asaini. Na hapa kuna jambo litakalokuuma, bora ulisikie kwangu: kama kampuni ilikuwa inaandika mshahara mdogo kwenye buletini na kumpa nyongeza mkononi, hesabu itaanzia kwenye ile ya buletini. Wafanyakazi wengi wanaufurahia mpango huo mpaka siku wanapoanguka.

Angalia pia majina. Sisi tuna jina, postnom na prenom, na kila ofisi inaandika kwa mpangilio wake. Ilunga kwenye kadi ya mpigakura, Illunga kwenye sertifika, prenom imesahauliwa kwenye buletini: hao kwa mashine ni watu watatu. Tandika karatasi zote mezani leo jioni uzilinganishe herufi kwa herufi. Kosa la hospitali linarekebishwa hospitali kwa nusu siku. Likigunduliwa dosye iko ndani tayari, linaweza kula miezi.

Dosye ikishapokelewa, omba namba yake. Halafu usiende kuuliza "pesa itatoka lini", kwa sababu jibu la swali hilo ni "mama, vumilia". Uliza: "Dosye namba hii iko kwenye ofisi gani, na inasubiri karatasi gani?" Inaweza kuwa kwa daktari mshauri, anayetaka kumwona mgonjwa na barua ya kumwita imepelekwa kwenye anwani ya zamani. Inaweza kuwa kwa wanaohesabu, wakingoja mwajiri athibitishe mshahara. Inaweza kuwa imeshapita yote na malipo yamerudi kwa sababu ya akaunti au namba ya simu iliyofungwa. Kila mahali pana dawa yake, na "vumilia" si mojawapo. Ukiona hakuna kinachosogea, andika barua kwa mkuu wa ofisi, na nakala yenye muhuri, ukitaja namba na tarehe za kila karatasi uliyoleta.

Huyo bwana wa nje mwache nje. Matabishi, hizo hongo ndogo, hayampeleki popote ambapo wewe huwezi kufika kwa namba ya dosye. Kinachonitisha zaidi kwake si asilimia, ni kwamba anataka za asili. Mwenye sertifika za asili ndiye mwenye pesa. Za asili hazitoki nyumbani kwako isipokuwa CNSS wenyewe waziombe, na wakipokea waandike kwamba wamepokea.

Siku moja daktari atasema hali imetulia, mkono umefika pale unapofika. Kwenye karatasi wataandika "consolidation". Siku hiyo posho ya kila siku inakoma. Msiogope mkadhani mmekatwa: ndipo upimaji wa asilimia unapoanza, na ni juu yenu kuhakikisha unaanza. Mume wako amweleze daktari kazi yake kwa vitendo, asiseme tu "unauma". Mshiko wa kuchomea unashikwa kwa vidole vipi, anaweza kuubana kwa dakika ngapi, anaweza kufunga nati au hawezi. Kidole kilekile kilichokatika si hasara moja kwa karani na kwa mtu wa vyuma. Tarehe ya kutulia isiwahishwe pia. Kama bado anafanyiwa mazoezi ya mkono na unaendelea kufunguka, daktari anayemtibu aandike hivyo.

Halafu malaria ya mtoto. Wakati mkataba uko hai, hata umesimamishwa, Code inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi, ya mke wake na ya watoto wake: daktari, dawa, kulazwa. Pesa ile ya tomsoni hukupaswa kuitoa wewe. Risiti kama ipo, na karatasi ya daktari, ziingie kwenye barua ya madai kwa mwajiri, pamoja na ya mwezi wa tatu. Siku nyingine omba bon ya matibabu, ile karatasi ya kampuni ya kutibiwa, kabla ya kwenda. Wakikataa, kukataa kwao nako kuna mahali pa kuandikwa.

Kwa swali lako la mwisho: ndiyo, unaweza kwenda kwa niaba yake, kwa procuration, yaani hati ya kumwakilisha. Lakini yeye ni mtu wa mkono wa kuume, na mkono huo umefungwa. Akisaini kwa wa kushoto, sahihi haitafanana na iliyo kwenye kadi, na hapo ndipo ofisi itawarudisha. Iandikeni, aweke kidole gumba cha kushoto, iende kuthibitishwa komini au kwa notari, ikisema wazi kwamba hawezi kusaini kwa sababu ya jeraha. Taja ndani yake kila unachoruhusiwa kufanya: kuweka karatasi, kupokea barua, kuuliza dosye, kwenda kwa inspekta. Usiandike kwamba unaweza kusaini mapatano au kupokea malipo ya mwisho. Hilo abaki nalo yeye, na mdogo wake asiingie humo kabisa, hata kama ni kijana mwema, kwa kuwa ndiye RH aliyemtafuta.

Cheti cha ndoa ya serikali kikiwepo kiambatishe. Kisipokuwepo, procuration inatosha kwa dosye hii, ila ndoa mwandikishe mwaka huu.

Mistari yote utapanga wewe, isipokuwa mmoja. Daktari mshauri atakapomwita, procuration haisaidii kitu: lazima aende mwenyewe na mkono wake. Mwambie mapema, siyo asubuhi ya siku hiyo.